Baraza la Gari

Msomaji mmoja wa Tanga ameniuliza kwa nini fundi wa siku hizi, badala ya kufungua boneti, huchomeka kidude chini ya usukani, akatazama kioo cha simu, kisha akatamka kwamba gari "limepoteza mawasiliano". Habari za sensa nitaziacha, maana zimekwisha kuandikwa mpaka zikachosha. Linalonipendeza mimi ni zile nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, ambamo kontroo boksi za injini, breki, giaboksi na kiyoyozi huzungumza kwa utaratibu uliotangazwa na kampuni ya Bosch mjini Detroit mwaka 1986.

Kuna wanaoziita nyaya hizo "basi", na ijapokuwa asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya "kwa ajili ya wote", nachelea msomaji asije akamtafuta kondakta. Nalo "mtandao" limekwisha kulemewa na mizigo mingine. Mimi nitasema baraza, kwani lisemwalo hapo husikiwa na kila aliyeketi.

Baraza hilo halina mwenyekiti. Kila ujumbe hutanguliwa na namba ya tarakimu 11, zote sifuri na moja, itajayo si jina la msemaji bali uzito wa jambo. Na sifuri, kwa jinsi umeme ulivyopangwa, huifunika moja zikutanapo wayani. Tuseme breki, yenye ujumbe uanzao 001, na kiyoyozi, chenye ujumbe uanzao 011, vimeanza kusema kwa nukta moja: tarakimu ya kwanza vyote viwili vyatamka sifuri, wala hapana kinachotambua kuwa kina mwenzake, ya pili kiyoyozi chatamka moja, na kwa kuwa kila asemaye hujisikiliza huku akisema, chasikia sifuri, kikafahamu papo hapo kwamba yuko mkubwa wake, kikanyamaza. Breki haikukatizwa, haikurudia neno, wala haikupata kujua kwamba palikuwa na mshindani. Nimeketi katika mabaraza mengi ya binadamu, ya posa na ya mirathi, sijaona adabu ya namna hii, ya mdogo kumpisha mkubwa katikati ya silabi, akangoja usemi ukome ndipo ajaribu tena. Na yote hayo katika nyaya ambazo aghalabu hupitisha tarakimu 500,000 kwa sekunde moja.

Amma kidude cha fundi, hicho ni mgeni aingiaye barazani na kuuliza ni nani hasikiki. Jibu likiwa U0100, asiyesikika ni kontroo boksi ya injini, ambayo huenda ni nzima na kosa likawa la waya au fyuzi. Kabla hujainunua mpya, mwombe fundi achomoe betri na kuweka mita kwenye tundu la 6 na la 14 la soketi ile ile: kila ncha ya nyaya ina rezista ya omu 120, nazo mbili zikiwa sambamba husomeka 60. Ikisomeka 120, ncha moja imekatika.