Mche bora wa ufuta: sifa ni ya mbegu au ya udongo?

Ingia kwenye shamba la ufuta la mkulima wa Dodoma au Singida wiki chache kabla ya mavuno. Ukitazama vizuri utaona mimea haifanani. Huu una matawi mengi, jirani yake umesimama wima bila tawi hata moja. Huu umeshaanza kukauka, ule bado unatoa maua. Huu umebeba maganda tele, ule ni ya kuhesabu kwa vidole. Sasa, kama unataka mbegu ya msimu ujao, utachukua kutoka mche upi?

Wengi tungekimbilia wenye maganda mengi. Jibu hilo si baya, ila lina mtego.

Mche unaweza kuzaa sana kwa sababu mbili. Ya kwanza ni vinasaba, yaani kile ulichorithi kutoka kwa mama yake. Ya pili ni mazingira: labda umeota palipokuwa zizi la ng'ombe, au majirani zake walikufa wakiwa wadogo, ukabaki na nafasi na maji peke yako. Kwa macho huwezi kutofautisha. Lakini mwaka unaofuata tofauti inajitokeza, maana vinasaba vinakwenda na mbegu, zizi linabaki pale pale. Umechagua bahati, na bahati hairithiwi.

Jambo hili lilionyeshwa mwaka 1903 na Wilhelm Johannsen wa Denmark, kwa kutumia maharage. Alipochagua kutoka mchanganyiko wa maharage ya kununua, uchaguzi ulileta mabadiliko: mbegu nzito kwa wastani zilizaa watoto wazito. Ila alipochagua ndani ya uzao wa mche mmoja unaojichavusha, haikusaidia kitu. Mbegu nzito na nyepesi za ukoo huo zilizaa watoto wa uzito ule ule, kwa sababu vinasaba vyao vilikuwa sawa.

Ufuta nao hujichavusha kwa sehemu kubwa, ingawa nyuki huhamisha chavua kidogo. Kwa hiyo mbegu ya kienyeji iliyopita mikono mingi mara nyingi ni mkusanyiko wa koo nyingi tofauti. Huo ndio mtaji wako. Bila tofauti za vinasaba huna cha kuchagua, hata uwe na jicho kali namna gani.

Watafiti hupima jambo hili kwa kitu kinachoitwa urithikaji. Chukua tofauti zote unazoziona shambani, kisha uliza: ni sehemu gani imetokana na vinasaba? Tuseme ni 70 kati ya 100. Basi unachokiona kinakupa picha nzuri ya kile utakachovuna kwa watoto. Ikiwa ni 15 tu, jicho lako linakudanganya. Kwa kawaida siku za kutoa maua na uzito wa mbegu huwa na urithikaji mkubwa kuliko mavuno yenyewe. Mavuno ni jumla ya mambo mengi, na kila moja linaguswa na mvua, udongo na wadudu.

Sasa tuje kwenye ukame, maana hapa ndipo watu wanapoumia. Dodoma hupata takribani milimita 600 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na mara nyingi katikati yake kuna kiangazi kifupi cha Februari. Ufuta ukishashika mizizi huvumilia ukame, lakini mche mchanga ni dhaifu, na ukavu wakati wa maua hupunguza maganda. Aina inayokomaa mapema inaweza kumaliza kazi kabla mvua haijakata. Aina inayochelewa inaweza kuipita kwa mbali pale mvua inapokuwa ndefu. Yaani aina iliyoshika namba moja sehemu moja inaweza kushika mkia sehemu nyingine, na hakuna aliyekudanganya.

Ndiyo maana aina mpya hujaribiwa kwenye vitalu vidogo vinavyorudiwa mara kadhaa, katika maeneo tofauti na kwa misimu zaidi ya mmoja. Kituo cha TARI Naliendele kilichopo Mtwara kimetoa aina kama Naliendele 92, Lindi 02 na Mtwara 09. Ukiambiwa aina fulani inazaa sana, muulize afisa ugani: ilijaribiwa wapi, na mvua ilikuwaje?

Na wewe mwenye ekari mbili bila maabara? Unaweza kufanya hivi. Gawanya shamba katika vipande vidogo vinavyolingana. Kwenye kila kipande chagua mche mmoja au miwili iliyowashinda majirani zake, na epuka pembezoni na penye samadi. Hapo unalinganisha mimea iliyokula udongo unaokaribia kufanana. Vuna kabla maganda hayajapasuka, maana ufuta ukikauka humwaga mbegu chini. Weka mbegu za kila mche kwenye mfuko wake, na msimu ujao zipande kila moja mstari wake, sehemu yenye udongo wa kawaida. Mistari itakayofanya vizuri ndiyo yenye mama wa kweli. Rudia msimu mmoja zaidi kabla ya kuamini kabisa, kwa sababu mwaka mmoja wa mvua nzuri haukwambii chochote kuhusu mwaka wa ukame.

Halafu usiitupe mbegu yako ya zamani yote. Tunza kidogo pakavu. Siku ukija ugonjwa mpya au mvua ikibadilika, mche utakaohitaji huenda umo kwenye mchanganyiko ule ambao leo unauona hauna maana.