Msomi asiyecheua amemeza bure

Mwenye pupa, walisema wahenga, hadiriki kula tamu. Methali hii twaifundisha kila mwaka, na wanafunzi huiandika kwa hati nzuri. Hata hivyo, naamini kwamba pupa inayotudhuru zaidi shuleni si ile ya bwalo la chakula, bali ni ya masomo. Ili kulifafanua jambo hili, naomba ruhusa ya msomaji niazime hekima kutoka mahali ambapo aghalabu hatuitafuti: sheria za Wayahudi kuhusu vyakula.

Sheria hizo zimo katika kitabu cha Mambo ya Walawi, mlango wa 11, na zimerudiwa katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa 14. Mnyama wa nchi kavu anayeruhusiwa kuliwa sharti awe na alama mbili kwa pamoja: awe na kwato zilizopasuka, na awe anacheua. Ng'ombe, kondoo na mbuzi wanazo zote mbili. Ngamia hucheua lakini hana kwato za namna hiyo. Nguruwe anazo kwato lakini hacheui. Alama moja haitoshi.

Msomaji wa Thika au Ruiru asidhani kwamba haya ni mambo ya ugenini. Wazee wa Agikuyu, ingawa waliishi kando ya mito ya Chania na Thika, hawakuwa walaji wa samaki. Wamaasai nao, kwa desturi yao ya kale, hawakuchanganya nyama na maziwa katika mlo mmoja. Mwiko unaofanana sana na ule wa Wayahudi, ambao Torati yawakataza kumpika mwana-mbuzi katika maziwa ya mamaye. Jirani zetu Waislamu na Waadventista wa Sabato hawagusi nyama ya nguruwe hata leo. Kuketi mbele ya chakula na kujiuliza kwanza iwapo chafaa kuliwa ni desturi tuliyoijua kabla ya kujua kusoma.

Lakini kwa nini kwato, na kwa nini kucheua? Torati yawataka watu wawe watakatifu, ila sababu ya alama hizo mbili haikuitaja. Maimonides, tabibu na mwanachuoni wa Kiyahudi aliyefariki mwaka wa 1204, alitafuta jibu katika afya ya mwili. Philo wa Alexandria, aliyeishi zama za Yesu, alilitafuta kwingine, na jibu lake lingefaa kujadiliwa katika kila chumba cha walimu. Mnyama anayecheua, alieleza, ni mfano wa mwanafunzi. Baada ya kupokea neno la mwalimu kwa masikio, mwanafunzi hawezi kulielewa lote mara moja. Hulirudisha kwa kumbukumbu, akalitafuna tena na tena mpaka likakaa imara moyoni. Na kwato zilizopasuka ni uwezo wa kupambanua jema na baya, kwani kukumbuka bila kupambanua hakumfai mtu.

Anayesafiri kati ya Thika na Ruiru huenda akawaona mbuzi wamejilaza kivulini, taya zikienda taratibu. Hawakulala bure, wanamalizia kazi waliyoianza malishoni. Ng'ombe hutumia takriban saa nane kwa siku akicheua tu. Je, sisi humpa mwanafunzi dakika ngapi? Tunaamkua, tunaandika ubaoni, naye ananakili, kengele inalia, mwalimu mwingine anaingia. Mwisho wa muhula tunamtaka ayatapike yote juu ya karatasi, kisha tunashangaa kwamba mwezi mmoja baadaye hakumbuki chochote.

Asiyepewa nafasi ya kucheua hutafuta njia ya mkato. Matokeo ya watahiniwa zaidi ya 5,000 wa mtihani wa KCSE wa mwaka wa 2015 yalifutwa kwa sababu ya udanganyifu, na Machi 2016 bodi ya Baraza la Mitihani ikavunjwa. Wazee wa Kiyahudi husimulia kwamba nguruwe ajilazapo hunyosha kwato zake mbele, kana kwamba anawaambia watu, tazameni, mimi ni safi. Cheti cha wizi ni kwato za namna hiyo. Kwa nje kimetimia, lakini kikiulizwa kilichomo tumboni hakina jibu.

Torati hiyohiyo, katika mlango wa 19 wa Walawi, yaagiza kwamba matunda ya mti uliopandwa yasiliwe miaka mitatu ya kwanza. Ya mwaka wa nne yatolewe kwa Mungu. Na mwaka wa tano ndipo mkulima ale. Majirani wa Ruiru wanaweza kulielewa somo hili bila fasiri. Aina ya kahawa iitwayo Ruiru 11, yenye kustahimili maradhi yaliyowafilisi wakulima wengi, ilitolewa mwaka wa 1985 baada ya utafiti wa uzalishaji ulioanza mwaka wa 1971. Lau watafiti wale wangekuwa na pupa ya mtahiniwa wetu, wangetangaza ushindi mwaka wa pili.

Nao wanafunzi wamkumbuke Danieli. Alikuwa kijana ugenini, akisomeshwa miaka mitatu lugha na elimu ya Wakaldayo kwa gharama ya mfalme. Elimu hakuikataa, alichokikataa ni chakula cha mfalme, akaomba ajaribiwe siku kumi kwa mboga na maji. Aliyejizoeza kusema hapana mezani hatashindwa kusema hapana atakapoletewa karatasi ya mtihani usiku wa manane.

Simwambii mtu aache nyama aipendayo. Hilo ni la dhamiri na dini yake. Nawaomba walimu wenzangu jambo dogo: dakika kumi za mwisho za kipindi, vitabu vifungwe, chaki iwekwe chini, na kila mwanafunzi aeleze kwa maneno yake mwenyewe alichokipata na kama anakiona ni kweli. Silabasi itachelewa kidogo. Na ichelewe, maadamu kitakachosomwa kitakaa.