Mfuga Samaki Hufuga Maji

Ndugu msomaji, wahenga walinena kwamba samaki mmoja akioza, wote wameoza. Methali hiyo hutufunza juu ya tabia za watu, lakini katika tangi la kioo lililowekwa sebuleni ni kweli tupu isiyohitaji fumbo. Samaki mmoja akifa usiku nyuma ya jiwe asionekane, maji huharibika, na asubuhi wenzake hukutwa wakihema juu ya maji wakitafuta hewa.

Tangi dogo la samaki wa mapambo ni fahari ya nyumba. Watoto hulipenda, nalo humliwaza mtu aliyerejea kutoka zamu ya usiku. Masikitiko ni kwamba samaki wengi hufa katika majuma machache ya mwanzo, na mwenye nyumba akadhani ameuziwa wagonjwa. Aghalabu samaki hawakuwa na ugonjwa wowote. Kilichougua ni maji.

Nami nilijifunza hayo kwa hasara. Tangi langu la kwanza lilikuwa la lita 60, lenye samaki wanane. Jumamosi moja, nikitazamia wageni, nilimwaga maji yote, nikasugua changarawe na sifongo ya chujio chini ya bomba mpaka vikatakata, kisha nikajaza maji mapya. Kufikia Jumanne walikuwa wamebaki wawili. Mwanangu akaniuliza, "Baba, mbona umewasafishia nyumba wakafa?" Siku ile sikuwa na jibu. Leo ninalo.

Samaki akila hutoa taka iitwayo amonia, ambayo nyingi hupitia katika matamvua yake. Chakula kilichobaki kikioza, nacho hutoa amonia. Hiyo ni sumu inayounguza matamvua. Ziwani maji ni mengi na sumu hiyo hupotea, bali katika lita 60 haina pa kwenda. Hapo ndipo wanapohitajika watumishi wasioonekana kwa macho, yaani bakteria. Kundi la kwanza huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kwani huizuia damu ya samaki kubeba oksijeni. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa ikiwa kidogo, na ambayo mimea huitumia kama mbolea. Wengi wa bakteria hao hawaelei majini. Wamejishika juu ya changarawe na ndani ya sifongo ya chujio. Nilipovisugua kwa maji ya bomba yenye klorini, niliwaua walinzi wa nyumba kwa siku moja.

Ushirikiano wa viumbe majini umejulikana tangu zamani. Mwaka 1850 mkemia Robert Warington wa London alieleza jinsi samaki wa dhahabu, mimea na konokono walivyoweza kuishi pamoja katika chombo kimoja, kila mmoja akimfaa mwenzake. Basi sisi nasi tufuate utaratibu huu.

Kwanza, tuwe na subira. Bakteria huhitaji majuma manne hadi sita kuongezeka katika tangi jipya. Anza na samaki wawili wadogo, kisha ongeza wengine kidogo kidogo. Ukiweza kupata vipimo vya matone, hakikisha kwamba amonia na nitriti hazionekani kabisa kabla ya kuongeza.

Pili, badilisha robo ya maji kila juma, wala usibadilishe yote. Maji ya bomba yakae siku nzima katika ndoo ya plastiki iliyo wazi ili klorini iondoke. Usitumie debe la bati, maana zinki yake hudhuru samaki. Sifongo isafishwe kwa kuikamua ndani ya maji yaliyotolewa tangini, na sabuni isiguse chochote.

Tatu, chakula kiwe kile kinachomalizika kwa dakika mbili au tatu tu. Samaki mzima anaweza kukaa siku moja bila kula, lakini hawezi kukaa katika maji yaliyooza.

Nne, dawa ya mbu inapopulizwa nyumbani, funika tangi na uzime pampu ya hewa hadi moshi wa dawa utoweke. Dawa hizo aghalabu ni kali mno kwa samaki.

Tano, umeme ukikatika, teka maji kwa kikombe na kuyamimina tena kutoka juu, ili yachukue hewa. Maji ya joto hubeba oksijeni kidogo: katika nyuzi 20 za Selsiasi lita moja hubeba kama miligramu 9, na katika nyuzi 30 kama 7 na nusu.

Kuna pia kipimo cha pH, kinachoonyesha kama maji yana uchachu kama wa ndimu au ukali kama wa magadi. Saba ni katikati. Maji yakipanda kutoka 7 hadi 8, sehemu ya amonia iliyo sumu kali huongezeka karibu mara kumi. Hata hivyo tusikimbilie kutia ndimu au magadi, kwani badiliko la ghafla huua upesi kuliko kipimo kisicho kamili. Jambo la busara ni kuchagua samaki wanaolingana na maji yetu. Samaki wa Ziwa Tanganyika, kwa mfano, wamezoea maji ya pH karibu na 9, na hawafai kufugwa katika maji matupu ya mvua.

Sisi watumishi wa serikali na askari hatukai mahali pamoja siku zote. Amri ya uhamisho ikifika, usiwape samaki chakula siku ya kabla ya safari. Watie katika mifuko yenye theluthi moja ya maji na sehemu iliyobaki hewa, na uweke mifuko kivulini. Changarawe na sifongo zisafiri zikiwa na unyevu wa maji ya tangi lile lile, ili bakteria wafike wakiwa hai. Nilifanya hivyo nilipohamishwa, na samaki wote wakafika salama.

Asiyeweza kuwachukua awape jirani, lakini asiwamwage mtoni. Sangara alitiwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960, na katika miaka ya 1980 aina nyingi za furu, ambao hapa Uganda huitwa nkejje, zilitoweka ziwani. Baadhi ya furu wamehifadhiwa katika matangi huko Ulaya na Marekani, na uhai wao hutegemea bakteria wale wale nilioosha mimi Jumamosi ile.

Basi, ndugu msomaji, kabla ya kuwahesabu samaki wako, yatazame kwanza maji yao.