Mali Bila Daftari: Nani Atazipanga Santuri za Magharibi?

Msanii hujulikana kwa kazi yake nzima, wala si kwa kipande kimoja kilichobahatika kupendwa na wengi. Anayemsoma marehemu Shaaban Robert kuanzia Kusadikika ya mwaka wa 1951 hadi Siku ya Watenzi Wote, kitabu kilichochapishwa mwaka wa 1968, miaka sita baada ya mwandishi kufariki, huona fikira za mtu zikikua, zikigeuka na kukomaa. Hakuna mwalimu wa fasihi atakayemruhusu mwanafunzi amhukumu mtunzi huyo kwa ukurasa mmoja. Lakini katika muziki sisi hufanya hivyo kila siku. Wimbo mmoja huchezwa redioni sikukuu ya taifa, tukatikisa vichwa kwa furaha, kisha tukadai kwamba twamjua aliyeuimba.

Jambo hili lilinizukia akilini kwa sababu ya mpwa wangu, kijana anayesoma chuo hapa Kakamega. Yeye na wenzake ni mashabiki wa aina ya roki nzito ya Kimarekani ambayo nyimbo zake ni ndefu kama hotuba, na mapigo yake hubadilika kabla sikio halijatulia. Kundi wanalolipenda kuliko yote laitwa Dream Theater, lililoanzishwa mjini Boston mwaka wa 1985 na wanafunzi watatu wa chuo cha muziki. Albamu yake ya kwanza ilitoka mwaka wa 1989, na ya kumi na sita, iitwayo Parasomnia, ikatoka mwaka wa 2025. Kijana huyu alijiwekea nadhiri ya kuzisikiliza zote kumi na sita kwa mpangilio, albamu moja kila jioni, bila kuruka hata moja, na akaitimiza.

Nilipomuuliza amepata faida gani, alinijibu, "Mjomba, ukianzia katikati utadhani wanajigamba tu kwa ufundi wa vidole. Ukianzia mwanzo unaona walikuwa wakitafuta kitu, wakakipata, wakakipoteza, kisha wakakirudia."

Alinieleza jinsi mpiga ngoma wao, Mike Portnoy, alivyoondoka mwaka wa 2010 na kurejea mwaka wa 2023, na jinsi msikilizaji makini anavyolisikia pengo lake katika albamu zote za katikati. Nikamuuliza, "Na George Mukabi, mwana wa hapa kwetu, umemsikiliza kuanzia wapi?"

Akanitazama kwa adabu, kisha akauliza, "Mukabi ana albamu ngapi, mjomba?"

Swali hilo si la dharau. Ni swali la haki kabisa, na jibu lake lafichua tatizo ninalotaka tulijadili leo. Mukabi hakuwa na albamu hata moja wakati wa uhai wake. Aliishi katika enzi ya santuri ndogo zenye wimbo mmoja kila upande, wimbo wa dakika tatu hivi, zilizouzwa moja moja madukani na kuchezwa katika gramafoni za mikahawa na za majumbani. Kazi yake nzima ilitawanyika ikiwa mbichi, kama mahindi yaliyomwagika njiani gunia likiwa limetoboka.

Kwa faida ya vijana, Mukabi alikuwa mtu wa Kisa, upande wa Khwisero katika kaunti hii. Ndiye anayetajwa kuliko wote panapozungumzwa mtindo wa gitaa uitwao omutibo. Katika mtindo huo gitaa kavu, lisilo na umeme, hufanya kazi ya watu wawili: kidole gumba hushika besi, kikitembea kwa mwendo wake, huku kidole cha shahada kikipiga tuni juu yake. Pembeni huketi mwenye chupa ya Fanta, ile ya kioo yenye mikunjo, akiikwaruza na kuigonga kwa kipande cha chuma. Msikilizaji aliyelelewa na isukuti atautambua mdundo huo mara moja. Gitaa lilitoka ng'ambo, lakini lilipofika Magharibi lilifundishwa adabu za ngoma zetu.

Wala Mukabi hakuchipuka jangwani. Mwaka wa 1952 mtafiti Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, Kongo, na wimbo wake Masanga ukaenea Afrika Mashariki yote. Vijana wa wakati ule walipata kielelezo cha mtu mmoja anayepiga gitaa kwa vidole na kujaza chumba kizima. Ukisikiliza kwanza Bosco, kisha Mukabi, utasikia kilichoazimwa na kilichoongezwa. Ukimsikiliza Mukabi pekee, utadhani ama alivumbua kila kitu, ama aliiga kila kitu. Kauli zote mbili ni uongo, na mpangilio ndio unaozisuta.

Mukabi aliaga dunia mwaka wa 1963, mwaka uleule tuliopata Uhuru, angali kijana. Sengula Nakupenda ungali unaimbwa. Lakini kazi yake ni kama riwaya iliyokatika sura za mwanzo, na inatupasa kuitafuta iliendelezwa na nani.

Mimi naona kwamba waliotuachia mfano ulio wazi kuliko wote ni Abana ba Nasery, yaani watoto wa shule ya chekechea: Shem Tube, Justo Osala na Enos Okola, wana wa Bunyore. Siku hizi Bunyore imo katika kaunti ya Vihiga, lakini walipoanza kurekodi katika miaka ya 1960 sehemu hiyo ilikuwa chini ya Wilaya ya Kakamega, na ilibaki hivyo hadi Vihiga ilipotengwa mwaka wa 1990. Nimeutumia msimu wa mvua kuwasikiliza kwa mpangilio kadiri nilivyoweza, nikiwafuata kutoka rekodi kuukuu hadi za mwisho nilizo nazo, na nimeona jambo ambalo wimbo mmoja mmoja haukunionyesha miaka yote niliyoupenda muziki wao.

Walianza kwa magitaa makavu mawili na chupa. Baadaye, umeme ulipovamia muziki wa dansi, nao waliufuata, wakarekodi kwa magitaa ya umeme kwa majina mengine, Mwilonje Jazz na Super Bunyore Band. Kisha mwaka wa 1989 kampuni ya GlobeStyle ya Uingereza ikakusanya santuri zao za kale za magitaa makavu katika albamu moja. Mwaka wa 1991 wakaalikwa kuzuru Uingereza, na mwaka wa 1992 ikatoka albamu yao mpya, Nursery Boys Go Ahead!, iliyorekodiwa huko huko, gitaa kavu na chupa ya Fanta vikiwa mbele, na wanamuziki wa Kizungu wakiwa wageni waalikwa.

Tazama basi safari hiyo. Tumezoea kuambiwa kwamba muziki husonga mbele kutoka mti hadi umeme, kutoka kijijini hadi mjini, na kwamba anayerudi nyuma ameshindwa. Abana ba Nasery walitoka kwenye mti wakaenda kwenye umeme, wakarudi kwenye mti, na ni huko kwenye mti ndiko dunia ilikowakuta. Jambo hili halisikiki katika wimbo mmoja, hata uwe mtamu namna gani. Husikika pale tu unapoziweka kazi zao kwa safu, ya kwanza ikatangulia na ya mwisho ikafuata.

Tatizo ni hilo hilo la kuziweka kwa safu. Mpwa wangu aliwapanga Wamarekani wake kwa dakika moja, kwa kuwa kila albamu ina mwaka wake na kila mpiga ala ametajwa jina. Santuri zetu ndogo zina jina la msanii, jina la wimbo, nembo ya kampuni na namba. Mwaka, mara nyingi, haupo. Anayetaka kuzipanga hana budi kuwa mpelelezi. Hulinganisha namba za kampuni moja, maana namba ndogo kwa kawaida ilitangulia kubwa. Huinamisha santuri kwenye mwanga, akasoma alama zilizochorwa kwenye utupu ulio kati ya mfereji wa mwisho na karatasi ya nembo. Husikiliza maneno ya wimbo, kwani anayeimba juu ya Uhuru au juu ya bei ya kitu fulani hujitolea ushahidi mwenyewe. Zaidi ya yote, huwauliza wazee waliokuwapo studio, na hao hawatungojei.

Pengine msomaji ataniuliza: hizi si tafrija za wenye nafasi? Mwenye kulima muwa na mwenye kuendesha bodaboda wana haja gani na namba za santuri? Namjibu kwamba hapa pana mali, na mali hiyo ina tarehe ya kuisha. Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001, utungo wa muziki hulindwa hadi miaka 50 ipite tangu mwisho wa mwaka aliofariki mtunzi. Rekodi yenyewe hulindwa kwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Piga hesabu. Tungo za Mukabi, aliyefariki mwaka wa 1963, ziliacha kulindwa mwaka wa 2013 ulipomalizika. Rekodi za miaka ya 1960 za wasanii wetu wote nazo zimekwisha kuvuka mstari huo, na za mwanzoni mwa miaka ya 1970 zimezifuata.

Sasa chukua rekodi iliyofanywa mwaka wa 1978. Hiyo ingali na ulinzi hadi mwisho wa mwaka wa 2028. Lakini ikiwa santuri haina mwaka, na hakuna daftari lililouandika, mwenye haki atathibitishaje kwamba muda wake haujaisha pale tangazo la biashara litakapouchukua wimbo huo? Tarehe ambayo mtu huiona kama mapambo ya msomi ndiyo stakabadhi ya mjane na yatima.

Na hata pale haki ya fedha inapokwisha, haki ya jina hubaki kuwa deni letu la heshima. Mwaka wa 1968 kundi la Kiingereza la Tremeloes lilivuma nchini mwao kwa wimbo Helule Helule. Mtunzi wake ni Daudi Kabaka, na ni wangapi kati ya waliocheza wimbo huo kule walijua kwamba nyuma yake palikuwa na mtu mwenye nyimbo nyingine tele? Wimbo uliotengwa na kazi nzima ya mtunzi huwa kama mtoto aliyepotea sokoni: kila anayemshika mkono aweza kudai ni wake.

Wapo waliokwisha kufanya sehemu yao. GlobeStyle niliitaja. Kampuni ndogo ya Marekani, Olvido Records, ilizikusanya nyimbo za Mukabi katika santuri moja iitwayo Furaha Wenye Gita. Hapa nyumbani, Ketebul Music ya Nairobi ilitoa mwaka wa 2008 kazi ya kuufuatilia mtindo wa benga tangu asili yake. Siwaonei kijicho wageni waliozipanga kazi zetu, nawashukuru. Lakini si fahari kwamba mtu wa London au Marekani aweza kumsikiliza Mukabi akiwa ameketi nyumbani kwake, ilhali mwanafunzi wa Khwisero haoni pa kuanzia.

Kadhalika tumeona kwamba tukitaka tunaweza. Mwaka wa 2014 ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho iliingizwa na UNESCO katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Kama ngoma ilistahili, gitaa lililojifunza kutoka kwa ngoma hiyo linakosaje kustahili?

Nina mapendekezo matatu. Kwanza, Katiba ya mwaka wa 2010, katika Jedwali la Nne, imeziachia kaunti shughuli za utamaduni, maktaba na makumbusho. Kaunti za Kakamega na Vihiga zishirikiane kuanzisha hifadhi moja ya muziki, kwa maana santuri hazikujua mpaka wa mwaka wa 1990. Pili, Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, kilichomo humu mjini, kiwape wanafunzi wake kazi ya kuandaa daftari: kila santuri, kila namba, kila mpiga gitaa na kila mpiga chupa. Nasisitiza mpiga chupa, kwani yeye ndiye husahauliwa kwanza. Tatu, wenye santuri chini ya vitanda na juu ya dari waziruhusu kunakiliwa, kisha warudishiwe mali yao siku hiyo hiyo, na maelezo yao yaandikwe kabla hayajazikwa pamoja nao.

Kazi hii haihitaji jengo la ghorofa. Yahitaji mashine moja nzuri ya santuri, kompyuta, na mtu mvumilivu anayelipwa mshahara. Gharama yake haifiki ile ya tamasha moja la siku mbili ambalo hotuba zake husahauliwa kabla ya viti kukusanywa.

Mpwa wangu amekwisha kuanza kumsikiliza Mukabi. Ameniambia kwamba kidole gumba cha mzee yule kingewatoa jasho Wamarekani wake, na nimemwamini, maana ana sikio. Sasa anataka kujua upi ulitangulia, upi ulifuata, na nani alipiga gitaa la pili. Ni maswali ambayo kijana wa Boston hujibiwa bila jasho. Yastahili kujibiwa hapa pia, wakati wanaoyajua majibu wangali wanaketi vibarazani mwao, kwa kuwa wahenga walikwisha kutuonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.