Sumu Kali, Kali kwa Nani?

Majuzi, katika somo la semantiki, niliwapa wanafunzi wangu neno ‘sumu’ walichambue. Kijana mmoja mzaliwa wa Baringo akanyosha mkono. “Mwalimu, babu yangu aliumwa na kifutu akapona, ila mguu ulikatwa. Jirani yetu aliumwa na koboko. Hakufika hata barabarani. Ipi ndiyo sumu kali?”

Darasa lilicheka, kisha likanyamaza. Mimi ni mtu wa lugha, si wa nyoka, lakini swali lile lilinipeleka maktaba.

Mwaka 1927 mwanasayansi wa Uingereza, J. W. Trevan, alipendekeza kipimo ambacho kimetawala maabara hadi leo: kiasi cha sumu kinachoua nusu ya wanyama waliodungwa. Aghalabu wanyama hao ni panya. Kwa kipimo hiki panya ama amekufa ama yu hai, basi. Mguu wa yule mzee hauna safu katika daftari hilo. Ilhali Shirika la Afya Duniani (WHO) hukadiria kwamba nyoka huua watu kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka, na kwamba wanaokatwa viungo au kupata ulemavu wa kudumu ni takriban mara tatu ya hao. Wengi hivyo, nasi twapima kifo tu!

Hapa ndipo seli zinapoingia. Seli za ngozi, kwa mfano, hukuzwa katika kisahani cha plastiki chenye vishimo 96, kila kishimo kikatiwa sumu ya kiwango chake. Baadaye hutiwa rangi ya manjano. Seli iliyo hai huigeuza rangi hiyo kuwa zambarau, iliyokufa haiwezi. Chombo husoma ukolezi wa zambarau, na jibu hupatikana kwa siku moja au mbili. Mbinu hii ilichapishwa na Tim Mosmann mwaka 1983. Ukichanganya sumu na dawa yake kabla ya kuitia, utaona pia kama dawa inaziokoa seli. Kwa sumu ya kifutu au ya swila atemaye mate, ambayo hula nyama ya mwili, kipimo hiki kinasema jambo ambalo kifo cha panya hakisemi.

Lakini mpe koboko kisahani hicho hicho. Sumu yake hukata mawasiliano baina ya neva na misuli, hadi misuli ya pumzi ipooze. Katika kisahani hakuna pumzi, wala neva iliyoungana na msuli. Seli huweza kubaki na zambarau yake, na mtafiti asiye mwangalifu akaandika kwamba sumu ni hafifu. Vivyo hivyo sumu ya kuvuruga damu: kisahani hakina damu ya kuvurugwa.

Kwa hiyo siungi mkono wanaotaka panya waachwe kesho asubuhi, japo nawahurumia panya. Wala sikubaliani na wanaobeza seli. Ninachodai ni kirai kimoja katika kila ripoti na kila kitabu cha biolojia: ‘kali kwa seli za ngozi’, ‘kali kwa neva’, ‘kali kwa damu’. Kivumishi pekee hakitoshi.

Kijana wa Baringo nilimrudishia jibu hilo Ijumaa. Akaniuliza hospitali ya kwao inapima kwa kipi.