Maneno marefu ya Kiingereza

Watoto, semeni kwa sauti: kalamu, mwalimu, wanafunzi. Mmesikia? Sauti yakazwa katika silabi ya pili toka mwisho: ka-LA-mu, mwa-LI-mu, wa-na-FU-nzi. Ndiyo kawaida ya Kiswahili, na maneno yanayoiacha ni machache. Moja ni barabara: ba-ra-BA-ra ni njia kubwa, lakini ba-RA-ba-ra ni sawasawa kabisa.

Kiingereza hakina kawaida nyepesi namna hiyo. Mkazo wake wahamahama. Tazameni neno «photograph», ndiyo picha. Waingereza husema FO-to-graf. Mpiga picha ni «photographer»: fo-TO-gra-fa. Kitu cha namna ya picha ni «photographic»: fo-to-GRA-fik. Shina ni lile lile, mkazo umekaa mahali patatu! Tena silabi isiyo na mkazo hufifia, kama ya mtu anenaye usingizini.

Basi, anayevuka mpaka kwenda Uganda au Zambia, ambako Kiingereza ni lugha ya serikali, aweza kutamka kila herufi vizuri, na watu wasimfahamu. Hata maana yaweza kugeuka. «Desert» ukiikaza mwanzo ni jangwa. Ukiikaza mwisho ni kutoroka. Maandiko ni yale yale.

Lakini mkia wa neno husaidia. Neno likiishia na «-tion» au «-ity», mkazo huwa katika silabi iliyo mbele tu ya mkia huo: «education» ni e-dyu-KE-shon, «electricity» ni i-lek-TRI-si-ti.

Tena, vipande vya sauti sivyo vipande vya maana. «Unforgettable» ina silabi tano: un-for-GET-ta-ble. Kwa maana ina vipande vitatu tu: «un» ya kukana, «forget» ndiyo kusahau, na «able» ya kuwezekana. Nasi twasema isiyosahaulika: «si» yakana, «sahau» ni kiini, «lika» ni ya kuwezekana. Kumbe, Waingereza nao hujenga kama sisi!

Liko neno lao la herufi 28: «antidisestablishmentarianism». Lilitokea Uingereza katika karne ya 19, kwa ugomvi wa watu waliokataa Kanisa la taifa litengwe na serikali. Msiogope. Limenyeni kama muhindi: ndani mtakuta «establish», maana yake kusimamisha.

Sasa someni wenyewe: «information», «nationality», «unbreakable». Mkazo u wapi? Kiini ni kipi?