Kabla ya kumwita mtoto mlafi

Mtoto anaachwa mezani na pipi moja. Akisubiri, atapewa ya pili. Jaribio hili la mwanasaikolojia Walter Mischel wa Marekani hutajwa sana kama kipimo cha nidhamu.

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester, hukohuko Marekani, waliongeza hatua moja. Kwanza waliwaahidi watoto 28 vifaa vizuri vya kuchorea. Nusu walipewa, nusu wakaambiwa samahani, havipo. Kisha ikaletwa pipi. Waliotimiziwa ahadi walisubiri wastani wa dakika 12, wenzao dakika 3 tu.

Ni watoto wachache, kweli. Lakini mzazi, ile "nitakuletea zawadi jioni" ya wiki iliyopita, uliileta?